Goti Zuri

Goti la kulia la Mama ni zuri. Kila mtu aliyesomea kazi hiyo na kuliangalia amesema hivyo. Mimi mwenyewe nimeitazama ile eksirei kwenye simu mara nyingi hadi naweza kuichora: kofia ya chuma kwenye mfupa wa paja, kigingi cha chuma kwenye mfupa wa chini, na katikati pengo ambalo ungedhani ni hewa, kumbe ni plastiki ngumu isiyoonekana kwenye picha. Hakuna kilichopinda. Hakuna kilicholegea. Na mwenye goti alikuwa analala saa tatu kwa usiku.

Nimeishi kati ya hizo habari mbili karibu miaka miwili, sana sana kwa simu. Mimi niko Nairobi. Yeye yuko Konoin, upande wa Mogogosiek, ambako chai yetu inaanzia karibu na mlango wa jikoni na kuteremka hadi mtoni. Kama una mzazi ushago unazijua hizi simu. "Unaendeleaje?" "Niko sawa." Halafu sekunde mbili za kimya, na hicho kimya ndicho habari yenyewe.

Operesheni ilifanywa Mei 2023. Wakati huo ilikuwa bado NHIF, na NHIF ikalipa kiasi chake, na sisi tukachanga kilichobaki: ndugu, kanisa, wenzangu wa kazini, na Fuliza ambayo niliilipa hadi Krismasi. Hospitali sitaitaja. Fundi alifanya kazi ya fundi. Kabla ya hapo goti lilikuwa limeisha kabisa, gegedu imekwisha, mifupa inasagana, mguu umepinda kwa nje kama upinde. Baada ya operesheni mguu ulinyooka. Mama alikuwa mrefu tena, nusu inchi hivi, na akafurahi kama mtoto.

Walimwambia atakuwa na maumivu miezi michache, na akayavumilia hiyo miezi michache. Uvimbe ukapungua. Jeraha likafunga vizuri. Ilipofika mwezi wa nne, wakati kila mtu alitarajia ataanza kutembea kama msichana, maumivu yakabadilika badala ya kuondoka. Akarudi kliniki. Eksirei. "Iko sawa, Mama." Panadol. Akarudi tena. Eksirei. "Iko sawa." Mara ya nne daktari mmoja kijana, ambaye nina hakika hakuwa na nia mbaya, alimwambia, "Mama, hii sasa ni umri." Akaniambia hayo kwa simu akicheka. Nilimjua kwa hicho kicheko: alikuwa ameamua hatarudi tena.

Hapa lazima niwaambie kuhusu kituo cha kuuzia majani. Kile kibanda cha mabati kando ya barabara, wanakopima chai alasiri, ndicho redio yetu, bunge letu na kamati ya afya. Wanawake wanafika na vikapu mgongoni, wanapanga foleni wakiomba mvua ya mawe isiwashukie kabla lori halijafika, na wanaangaliana. Wa rika la Mama wenye magoti mabovu nawajua watano, na hao ni wale wanaokubali. Wote walikuwa wanamngoja Mama. Walikuwa wamejadili Tenwek, Kijabe na Kikuyu jinsi vijana wanavyojadili Gor na Ingwe, na mwishowe wakaamua kwanza waone huyu mmoja ataamkaje. Kwa hivyo kila hatua aliyopiga kuelekea ile mizani ilikuwa ushahidi. Jirani yetu wa upande wa mto, ambaye goti lake la kushoto linalia kama mlango, alimwangalia akishuka lile tuta miezi minane baada ya operesheni, ameshika ua, meno yameumana. Hakusema kitu. Ila mwanawe aliponipigia kuniuliza kuhusu gharama, akaniambia, "Mathe amesema yeye wacha tu. Ati afadhali goti la Mungu."

Sasa, jambo ambalo hakuna aliyetuambia kabla ya kuchanga hata shilingi moja, na ambalo nililipata mwenyewe usiku mmoja nikiwa Umoja na bando ya saa moja: kati ya kila watu watano wanaobadilishiwa goti, takriban mmoja huendelea kuwa na maumivu ya muda mrefu. Tafiti zinatofautiana, nyingine zinasema mmoja kwa kumi, nyingine zaidi ya mmoja kwa watano, lakini mmoja kwa watano ndiyo hesabu inayotajwa sana, na inatoka kwenye nchi zenye hospitali za kupendeza. Maumivu yakipita miezi mitatu baada ya upasuaji, yanaitwa sugu. Yana jina. Yanachunguzwa. Wengine wanne kati ya hao watano wanapata maisha yao, na ndiyo maana operesheni hii ni nzuri na sitaacha kuisifu. Lakini fikiria ungekuwa wewe ndiye wa tano, na kila unapofika kliniki unaonyeshwa picha ya wale wanne.

Nilimpigia nikamwambia. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Kwa hivyo si mimi?"

Ndiyo, alidhani ni yeye. Mwanamke ambaye amechuma chai zaidi ya miaka thelathini alikuwa amekaa mwaka mzima akiamini amelishindwa goti la chuma.

Na hapo ndipo pana ugumu mwingine, ambao ni wa kwetu hasa. Kule kliniki wanauliza: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi? Mama anasema tatu. Kila mara, tatu. Mama ni Mkipsigis wa kizazi kilichopitia tumdo, na huko somo la kwanza lilikuwa uso usionyeshe kitu, hata kope. Mambo ya kisu yamekatazwa na sheria tangu 2011 na mimi nashukuru sana. Lile somo la uso hakuna sheria iliyolifuta. Ukimuuliza mtu kama huyo namba, umemuuliza kama yeye ni mwoga. Atakupa namba ya heshima, na wewe utaiandika kwenye faili kama kipimo.

Wakati huohuo kila mtu alikuwa na dawa. Duka la dawa la sokoni lilimpa diklofenaki, na akaimeza kila siku kwa miezi, yeye na presha yake, bila mtu kumwambia kwamba vidonge hivyo, vikimezwa hivyo, vinaweza kuumiza figo na kutoboa tumbo, na kwamba havipatani na presha. Mtu mwingine alitaka kumpa antibiotiki "kwa usalama". Shangazi alileta majani ya kukanda. Baba mdogo, ambaye tangu Baba afariki ndiye anayesemea shamba, alikuja na wazo kubwa zaidi: tuuze robo eka ya chai, ile ya juu iliyo tambarare, tumpeleke Nairobi goti lifunguliwe tena na liwekwe lingine. Alisema kwa upendo. Alikuwa hata na mnunuzi.

Robo eka ya chai si kitu unachokirudisha. Bonasi za upande wetu wa Bonde la Ufa haziwahi kuwa kama zile za Mlima Kenya, lakini ndizo zilizonisomesha. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuogopa kitu kingine: madaktari wa mifupa wenyewe wanaonya kwamba kufungua tena goti ambalo hujui linauma kwa nini ni kamari, na mara nyingi mgonjwa anaamka na maumivu yaleyale pamoja na kovu la pili. Kama sababu inajulikana, kipande kimelegea, kimepinda au kina wadudu, hapo ni hadithi nyingine, na kufungua kunaweza kuwa ndiyo tiba. Swali lilikuwa moja tu, na hakuna aliyekuwa amelijibu. Linauma kwa nini?

Julai 2024 nikachukua likizo ya wiki moja. Narok, Mulot, Longisa, Bomet, halafu boda hadi nyumbani. Tukaenda hospitali nyingine, na baada ya daktari tukapelekwa kwa mama mmoja wa mazoezi, fizio, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mwenye sweta ya kijani na hana haraka kabisa. Alimsalimu Mama kwa Kikipsigis, chamgei, akamwita Bot na jina la kakangu mkubwa, kama wanavyoitana kituoni. Hakuuliza namba. Aliuliza, "Linauma saa ngapi?"

Mama akafungua mdomo. Naapa sikuwahi kumsikia akizungumza hivyo.

Kumbe hakukuwa na maumivu. Kulikuwa na maumivu matatu. Katika Kiswahili tunasema goti linauma, na kuuma ni kazi ya meno, basi tunadhani kuna mnyama mmoja. Yule fizio alikuwa anauliza meno ya nani. Je, linachoma au linavuta? Linafukuta? Kuna ganzi? Shuka likigusa? Ukipanda au ukishuka? Ukianza kutembea au ukishatembea? Mama alikuwa na jibu la kila kitu, nusu kwa Kikipsigis, nusu kwa Kiswahili. La kwanza ni moto, alisema, uko chini ya kovu upande wa nje, kama siafu, na shuka likigusa usiku anaamka. Asubuhi likiguswa na sketi ya plastiki ya kuchumia iliyolowa umande, linawaka hadi saa nne. La pili linakuja akishuka mteremko na akiinuka kwenye kiti. Hilo ni la kukatika, kama mguu unataka kumwangusha. La tatu linaanzia kiunoni, linapita nyuma ya paja na kuishia kwenye goti, na linakuja siku za kikapu kizito.

Kabla ya kushughulikia hata moja, walihakikisha kwamba hakuna uchafu ndani. Hili nalisema polepole kwa sababu linaweza kumwokoa mtu wako: goti bandia linaweza kuwa na maambukizi ya chinichini, bila homa, bila usaha, yanayojulikana kwa maumivu tu. Wanapima damu kuona kama mwili unapigana na kitu, na wakishuku wanavuta maji ya goti kwa sindano na kuyaotesha maabara. Na hapo ndipo yale antibiotiki ya "kwa usalama" yangetuharibia, maana yanaficha wadudu bila kuwaua. Damu ya Mama ilikuwa safi, na maji ya goti pia. Wakakagua nyonga, kwa sababu nyonga mbovu ina tabia ya kulia kupitia goti. Nyonga ilikuwa nzuri. Mgongo haukuwa mzuri.

Mgongo wa mchuma chai. Mwaka 2022 mahakama ya Edinburgh, Scotland, iliwaruhusu watu waliochuma chai Kericho katika mashamba ya James Finlay kushtaki kwa pamoja, wakidai kwamba kazi ile iliwaharibu migongo. Kampuni ilipinga, na mwaka uliofuata majaji wa rufaa wakaisimamisha kesi ili kwanza njia ya fidia ya sheria za Kenya ifuatwe. Niliifuatilia ile kesi yote nikimfikiria Mama, ambaye hakuwahi kuchumia kampuni hata siku moja. Alichuma yake mwenyewe. Kikapu kilekile, mteremko uleule, kuinama kulekule. Yeye atamshtaki nani? Mwajiri wake ni yeye, na alikuwa mwajiri mkali.

Ule moto, fizio alieleza, ni neva. Kuna tawi dogo la neva linalopita mbele ya goti, na kisu kinapofungua goti ni vigumu kulikwepa. Ndiyo maana karibu kila aliyepasuliwa ana kipande cha ngozi chenye ganzi kando ya kovu. Kwa wengi ganzi inabaki kuwa ganzi. Kwa wengine ile neva inakataa kunyamaza. Panadol haina habari na maumivu ya aina hiyo. Daktari akamwandikia amitriptilini, dozi ndogo, ya usiku. Ni dawa ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya huzuni, na Mama aliposikia hivyo akakataa. "Mimi si mwendawazimu." Ikabidi waeleze kwamba dozi hii ni ndogo kuliko ile, kwamba kazi yake ni kupunguza kelele za neva, na kwamba mdomo utakauka na asubuhi atakuwa na kichwa kizito. Aliimeza wiki ya kwanza kwa hasira. Wiki ya tatu alilala saa sita mfululizo.

Pamoja na kidonge kulikuwa na kazi ambayo mimi ningeiita kichekesho kama nisingeona matokeo yake. Kovu lilifundishwa kuguswa. Dakika chache mara kadhaa kwa siku: kwanza pamba, baada ya wiki leso, baadaye taulo, mwishowe kipande cha gunia. Anakaa jikoni, chai inachemka, anasugua goti kama mtu anayeng'arisha sufuria, anahesabu kwa sauti. Wajukuu wanahesabu naye.

La pili, lile la kushuka, lilikuwa misuli. Miaka ya kuumwa kabla ya operesheni ilikuwa imelilegeza paja, na miezi ya kuogopa baada yake ikalimaliza. Kuinuka kwenye kiti bila mikono, mara kumi, pumzika, kumi tena. Kupanda tofali moja. Baadaye mawili. Diklofenaki ikaachwa. La tatu walitibu kwa kupunguza mzigo, na hilo ndilo Mama alilopigania zaidi kuliko dawa: kikapu nusu, safari mbili. Kwake safari mbili ni uvivu. Hapo hatujamaliza kubishana.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliofanywa katika hospitali 8 za Uingereza na Wales, watu 363 waliokuwa na maumivu miezi mitatu baada ya kubadilishiwa goti. Matokeo yalitoka 2022. Kilichojaribiwa hakikuwa mashine. Mgonjwa aliketi saa moja na mtu aliyefunzwa, akaulizwa na kukaguliwa, akaelekezwa kwa anayehusika na aina ya maumivu yake, halafu akapigiwa simu kufuatiliwa. Walioketi hiyo saa walikuwa na nafuu kuliko wengine baada ya mwaka. Nafuu yenyewe ilikuwa ndogo. Niliposoma "ndogo" nilicheka, kwa sababu najua nafuu ndogo inafananaje Konoin: mtu anayelala.

Nisidanganye lakini. Hajapona. Hapigi goti, kanisani anasali akiwa amekaa, na kwa muda alikaa nyuma ili asionekane. Mvua ya usiku ikija na baridi, siafu wanarudi. Mteremko wa mwisho kabla ya mto ameuachia kakangu. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024 tulipoteza wiki kadhaa kwenye foleni za kujisajili, na mazoezi mengine akayafanya kwa kunionyesha kwenye simu ya video, simu imeegemezwa kwenye birika, mimi naona paja na paa. Anasema hili goti ni kama ng'ombe wa kununuliwa: limekuja na tabia za kwao, na itabidi azijue. Robo eka haikuuzwa. Baba mdogo alinuna kidogo, halafu mwezi wa pili akaja mwenyewe kuuliza kama yule fizio anaangalia na mabega.

Kituoni wameona. Mwaka huu anateremka lile tuta bila kushika ua, polepole, kwa ubavu, jinsi alivyofundishwa. Jirani wa upande wa mto alimngoja siku moja baada ya mizani, wakakaa juu ya vikapu vyao vitupu hadi giza likaingia. Mama hakumwambia nenda wala usiende. Alimwambia mguu utanyooka. Alimwambia kuna uwezekano wa kuwa yule wa tano, na aulize kabla ya kulazwa nani atamwangalia miezi mitatu ikipita. Akamwonyesha lile gunia.

Goti la kushoto la Mama nalo linasagana. Limeanza kupinda. Daktari anataka kulizungumzia, na kliniki ni mwezi ujao. Nilipomwambia naomba ruhusa kazini nije, alisema nisijisumbue na nauli, ana mtu wa kwenda naye. Jirani atakuwa na maswali yake, na wameyaandika pamoja, kwenye nyuma ya risiti ya majani.